Absalom Kituyi na Jina Aliloliazima

Jamaa, majirani wa Huruma na wa barabara ya Kaptagat, na nyinyi mliotoka Kimilili kwa lori la mahindi mkiwa bado mmetununia kwa sababu hatumrudishi nyumbani: tumekusanyika leo, Jumamosi tarehe 22 Juni 1991, kwa kibali cha chifu, ili tumzike Absalom Kituyi Wanyama katika shamba alilolinunua mwenyewe. Anayewasomea ni dada yake mdogo, Mwalimu Nanyama. Mnamjua. Hasomi haraka na hapendi kukatizwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 katika kijiji cha Chesamisi, karibu na Kimilili. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Wanyama na Mama Rasoa, waumini wa Kanisa la Friends. Tangu utotoni alikuwa mtu wa maswali. Siku moja baba yake alimtuma sokoni kununua jogoo. Kituyi alimhoji mwenye jogoo kama askari: amezaliwa lini, anakula nini, anawika saa ngapi, mama yake alitaga vizuri? Mwenye jogoo nusura ampige. Alirudi nyumbani amejaa furaha na jogoo kwapani, na baba yake akamtazama ndege yule mara moja tu, akamwuliza, "Na jicho lake lingine liko wapi?" Kituyi alikuwa ameuliza yote isipokuwa hilo. Tulimcheka kwa miaka mingi. Baadaye tukaacha kumcheka, na mtasikia kwa nini.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Kimilili hadi mwaka wa 1954, akafaulu vizuri, na baada ya kufundisha kidogo shule ya vijijini akaenda Nairobi mwaka wa 1956 kusomea usaidizi wa daktari. Alihitimu mwaka wa 1959. Mama Rasoa aliitundika picha yake ya koti jeupe sebuleni, juu kabisa, mahali ambapo hata vumbi lilipanda kwa shida.

Alifanya kazi Kakamega, kisha Kitale, na mwaka wa 1968 akaletwa hapa Eldoret. Alipanga chumba Huruma, katikati ya mafundi wa mabati ambao kelele zao hazikumkosesha usingizi hata siku moja. Wakati huo alilala kama watu wengine.

Siku ya Jumamosi tarehe 19 Desemba 1964, akiwa bado Kitale, alikuwa amefunga ndoa na Nelima, ambaye ameketi hapa mbele yenu. Harusi ilichelewa kwa sababu bwana arusi alisimama njiani kumfunga mtoto wa watu mguu uliovunjika. Nelima alisema angejua ndiyo yatakuwa maisha yake angeleta kiti cha kungojea. Mungu aliwajalia wana wawili, Nyongesa na Simiyu, na miaka mingi baadaye binti mmoja.

Sasa tumefika mahali ambapo wasifu wa watu wengi huruka. Marehemu alituagiza tusiruke.

Mapema mwezi wa Septemba 1978, nchi ikiwa imetoka tu kumzika Rais, katika wadi aliyohudumu marehemu alilazwa mwanamke kijana kutoka Timboroa, jina lake Wamucii. Damu yake ilikuwa imepungua sana, hata midomo ilikuwa imepoteza rangi. Mama yake, Nyaguthii, mkulima wa viazi na pareto, aliketi miguuni pa kitanda. Wamucii alikuwa mtoto wake wa pekee. Ukutani juu yao picha ya Rais wa kwanza ilikuwa imeteremshwa na ile mpya haijaletwa, na palibaki mraba mweupe kuliko ukuta wote. Marehemu alisema mraba huo ulimfuata maishani kuliko sura za watu.

Daktari mkuu aliagiza sindano ya chuma, ya kuongeza damu. Baadhi yenu mmedungwa dawa hiyo, ni nyeusi kidogo kama chai ya rangi iliyokolea. Marehemu ndiye aliyepewa kazi ya kudunga, na kama kawaida yake aliuliza.

"Umewahi kudungwa hii dawa?"

"Hapana."

"Vidonge vya chuma vimewahi kukusumbua?"

"Hapana, daktari."

"Umewahi kulazwa hospitali?"

"Mara moja tu. Nilizaa, mtoto akakataa kuishi, na damu ikamwagika mingi. Wakanitundikia dripu, ile nzito."

Marehemu aliitikia kwa kichwa. Dripu ni dripu, alidhani. Alidunga kiasi kidogo cha kujaribu, akangoja kama kanuni ilivyosema, hakuona jambo, akadunga iliyobaki. Kisha akaitwa kitanda kingine. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake.

"Daktari, mdomo yangu iko na ladha ya msumari."

Aligeuka. Wamucii alikuwa akijikuna viganja, kisha akakishika kifua. Walimfanyia yote ambayo watu wa hospitali hufanya. Aliaga dunia siku hiyo, Jumamosi tarehe 9 Septemba 1978, mama yake akiwa amemshika miguu.

Hakuna aliyemlaumu Kituyi. Daktari mkuu alisema ni bahati mbaya, shuka likabadilishwa, na kesho yake kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine. Jambo hilo lilimtisha kuliko kama angepelekwa kortini.

Tangu hapo hakumpa mgonjwa yeyote mgongo. Alitoka wadini kinyumenyume, akiwatazama mpaka mlango umfiche. Wauguzi walimcheka, wakazoea. Hata nyumbani alianza kutoka chumbani hivyo hivyo, na Simiyu akiwa mdogo aliiga akidhani ndivyo wanaume hutembea. Nelima alipomwuliza anaogopa nini, alisema, "Nikigeuka, ataita."

Binti yao alizaliwa tarehe 2 Februari 1980. Alizaliwa akilia na hakunyamaza. Alinyonya akilia, akalala akinung'unika, na majirani wa Huruma, ambao wamezoea nyundo, wakaja kulalamika. Sisi ni Wakristo, tuliomba kwanza. Maombi yalipochelewa tukafanya kama wazee wetu, tukamtajia mtoto majina ya waliotutangulia, tukitafuta ni nani anayetaka kurudi kwa jina. Jumapili baada ya ibada chumba kilijaa shangazi. Tulimtaja bibi mzaa baba, tukamtaja bibi mzaa mama, tukawataja hata wale waliokufa wakiwa wamekosana nasi. Mtoto alilia tu. Nelima alikuwa amekonda, macho yamemzama.

Kituyi alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema polepole, "Wamucii."

Mtoto akanyamaza. Alinyamaza kabisa, akafungua macho.

Hakuna Wamucii kwetu. Tuligeuka sote tukamtazama, na dada yake anayewasomea aliwaza mara moja kile ambacho wanawake wote mle chumbani walikiwaza. Nelima ndiye aliyekisema. "Huyo ni nani, Baba Nyongesa? Umemweka wapi?" Kituyi aliketi sakafuni na kofia yake, akatusimulia habari ya yule mgonjwa wa Timboroa. Isipokuwa maneno yale ya mwisho, hayo hakuyatamka. Alipomaliza, Nelima alimfunika mtoto vizuri, akasema, "Basi aitwe hivyo. Mimi nataka kulala."

Ndipo Kituyi akaona kwamba jina si mali yake. Alipanda Timboroa kwenye baridi ile kumwomba Mama Nyaguthii ruhusa. Nyinyi wa kutoka Mkoa wa Kati mnajua desturi yenu: binti wa kwanza huitwa jina la mama ya mume, na wa pili huitwa jina la mama ya mke. Wamucii alikuwa ameondoka bila mtoto. Kwa hiyo hakuna mtoto ambaye angeitwa Nyaguthii, na mama yule angekufa kama moto uliomwagiwa maji. Alimsikiliza Kituyi akiwa amesimama na jembe.

"Ulichukua mtoto yangu," alimwambia. "Sasa umekuja kuchukua jina. Na mimi mnaniachia nini?"

Akaingia ndani akafunga mlango.

Kila Septemba Kituyi alipanda tena Timboroa. Mtoto alipoweza kutembea alikwenda naye. Mama Nyaguthii hakuwafukuza. Aliwapa uji, akamwita mtoto "huyo msichana wako" na hakuzidisha. Huku nyumbani Kituyi alituambia wazi shida yake, na tuliijua sote: mpaka Mama Nyaguthii amwite huyu mtoto kwa jina lile, yule mwingine bado yuko pale wadini akimwita daktari aliyempa mgongo. Hakutaka kusamehewa. Alitaka jina liitwe na mwenyewe.

Mwaka wa 1981 aliomba kuondolewa wadini, akapelekwa maabara. Huko alikutana na Dakta Oketch, mtaalamu wa kemia aliyejua kutengeneza vichembe vya plastiki vidogo hata jicho halivioni, ukivitia majini unaona kitu cheupe kama maziwa. Oketch alikuwa mtu wa mzaha, shati halijawahi kuona pasi, lakini alimsikiliza Kituyi mpaka mwisho siku alipomsimulia habari ya sindano ile.

"Mzee Kituyi," akasema, "wewe uliuliza habari ya chuma. Damu haikuona chuma. Chuma kimefichwa katikati. Kila chembe ya ile dawa imevikwa koti, na koti lenyewe ni mnyororo mrefu wa sukari. Damu inaona koti."

"Koti linadhuru?"

"Kwa wengi, hapana. Kitu chochote kigeni kikiingia kwenye damu, protini zinakikimbilia, zinakishika pande zote. Nyingine zinakipitisha. Nyingine zinakipiga alama ya adui. Kama mwili uliwahi kukutana na koti lile, unaweza kuwa umeshaweka askari wa kulingoja."

Kituyi akauliza, "Na ile dripu nzito, ya mtu aliyemwaga damu?"

Oketch aliacha mzaha. "Baadhi yake ni lile lile koti, Mzee. Koti tupu, chupa nzima."

Marehemu alisema alishika meza. Wamucii alikuwa amemwambia. Alikuwa ameulizwa, akajibu kweli yote, na jibu likapita sikioni mwa mtu aliyekuwa akiuliza habari ya chuma.

Kuanzia hapo wale wawili walishikana na kazi moja. Walivivisha vichembe vya plastiki koti lile lile la sukari, wakaweka tone la maziwa hayo kwenye kigae cheusi, wakatia tone la maji ya njano ya damu ya mgonjwa, wakakiinamisha kigae huku na huku dirishani. Maziwa yakibaki maziwa, damu hailijui koti. Yakikatika vipande kama maziwa yaliyoharibika, damu inakumbuka, na mgonjwa asiguswe na sindano ile. Oketch hakukiamini sana kipimo chao. Alisema kinaweza kunyamaza na hatari ipo, tena si kila anayekumbuka anadhurika. Lakini wauguzi walianza kuuliza habari ya dripu, na hilo lilimfurahisha Kituyi kuliko kigae. Mkono wake ulizoea ile kazi. Mlimwona kwenye harusi akiinamisha sahani ya kikombe, chai ikizunguka, macho yamemtoka, na mwenye harusi akidhani chai imeingiwa na nzi.

Binti naye alikua vizuri, mcheshi, mwepesi wa kukimbia. Ila tangu alipoachishwa ziwa alikataa kijiko cha chuma. Alikitema, akalia, akafunga mdomo. Nelima alimnunulia cha mti, na sisi shangazi tukasema mtoto wa uzeeni amedekezwa. Kituyi alimtazama tu akila.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa mwaka jana. Kwanza ukaitwa vidonda vya tumbo, baadaye ikajulikana ni uvimbe. Alivuja damu ndani kwa ndani, vidonge vya chuma vikamtapisha, na mwezi wa Aprili madaktari wakasema adungwe sindano ile. Ndiyo, ile ile. Kituyi aliomba kigae chake, akapima damu yake mwenyewe kitandani. Maziwa yalibaki maziwa. Akasema hilo halitoshi, kisha akamtuma Nyongesa Timboroa.

Tulidhani Mama Nyaguthii atakataa. Alikuja na blanketi na kifuko cha njegere.

"Mama," Kituyi alimwambia, "nataka uone mwanzo mpaka mwisho. Kaa pale ulipokaa. Ukisema tuache, tutaacha."

Mama Nyaguthii aliketi miguuni pa kitanda. Muuguzi Kageha alidunga kidogo, akavuta kiti akakaa, na hakuondoka hata alipoitwa. Kisha akadunga iliyobaki. Tulingoja, roho juu. Kituyi alijilamba midomo, akangoja ladha ambayo ni yeye na Mama Nyaguthii tu waliojua anaingoja. Haikuja. Hakuna lililotokea. Jioni Kituyi alikunywa uji, akalia kwa sababu dawa ilimkubali.

Mama Nyaguthii aliinuka akakunja blanketi lake. "Kumbe mtu anadungwa hii na anabaki," akasema. Alipofika mlangoni akaongeza, "Kumbe haikuwa lazima." Akaenda zake. Alikuwa hajamwita mtoto kwa jina, ingawa mtoto ndiye aliyemshika mkono mpaka langoni.

Kituyi alisema alistahili kuyasikia hayo. Mwezi wa Mei, wakiwa wawili tu, alimwambia dada yake anayewasomea jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu mwingine, hata Nelima: maneno ya mwisho ya Wamucii, yale ya msumari, ambayo mmeyasikia leo kwa mara ya kwanza. Sindano ilimpa nguvu kwa muda, lakini uvimbe haukuwa na huruma. Siku za mwisho aliomba mlango wa chumba uachwe wazi, akautazama kama mtu anayemsubiri mgeni asiyetaka kuingia. Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Juni 1991, macho yakiwa huko huko mlangoni.

Karatasi mlizoshika ni fupi kuliko hii inayosomwa, na zinaishia hapo. Zilichapishwa Jumatano. Linalofuata limetokea jana alasiri, na familia imekubali lisomwe.

Mama Nyaguthii alifika jana bila kuitwa. Wanawake walikuwa wakigawa githeri ya mahindi na maharagwe. Binti yetu alimletea sahani na kijiko, kisha akaketi karibu naye na sahani yake, akala kwa kile cha mti.

"Mbona wewe unakula na mti?" Mama Nyaguthii alimwuliza.

"Hiyo ya chuma inanipatia ladha ya msumari," mtoto akasema, akaendelea kula.

Mama Nyaguthii aliweka sahani chini. Alimtazama dada wa marehemu, akidhani tumemfunza mtoto kumdhihaki, lakini dada wa marehemu naye alikuwa ameweka sahani yake chini. Mwalimu Nanyama haamini mambo ovyo ovyo, mnamjua. Inawezekana baba alilisema neno hilo usingizini na mtoto akalidaka. Inawezekana. Nelima, aliyelala kando yake miaka yote, anasema hakuwahi kulisikia.

Mama Nyaguthii hakuigusa tena githeri mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Wamucii."

"Naam."

"Njoo hapa karibu. Ukiolewa, msichana wako wa kwanza ni wa mama ya bwana yako. Usigombane nao. Wa pili unajua ni nani?"

"Sijui."

"Ni mimi. Ataitwa Nyaguthii. Umeskia? Usisahau, Wamucii."

"Sitasahau."

Marehemu ameacha mjane, Nelima. Wana wake Nyongesa na Simiyu. Binti yake Wamucii. Dada yake Nanyama. Rafiki yake Dakta Oketch. Na Mama Nyaguthii wa Timboroa, ambaye tangu jana ni wa nyumba hii, na yeyote anayetaka kuuliza kwa nini aje amwulize Nelima.

Vijana mtakaobeba jeneza, mumtoe akiwa ameelekezwa mbele, kama watu wengine wote. Hana tena haja ya kutoka kinyumenyume.

Absalom, ndugu yetu, mlangoni hakuna mtu. Ameitwa na mama yake, na ameitika. Geuka ulale.